Je, Wajua? Viumbe Adimu wa Milima, Misitu na Bahari Yetu

Je, wajua kwamba mmoja wa ndege adimu kabisa wa Tanzania alijulikana kwa wanasayansi baada ya kuonekana miguu yake ndani ya sufuria? Ilikuwa mwaka 1991, katika kambi ya watafiti kutoka Denmark kwenye misitu ya milima ya Udzungwa. Miguu ile haikufanana na ya kwale yeyote waliyemjua. Mwaka 1994 ndege huyo akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, kwale wa msitu wa Udzungwa. Kwa wawindaji wa pale hakuwa mgeni hata kidogo, alikuwa kitoweo. Kilichowashangaza wataalamu ni nasaba yake: hana undugu wa karibu na kwale wengine wa Afrika. Ndugu zake wanaishi kwenye misitu ya milima ya Asia, maelfu ya kilomita ng'ambo ya bahari.

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapitia Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, mpaka kufika Udzungwa na Mahenge. Pepo za Bahari ya Hindi huinyeshea milima hii karibu mwaka mzima. Ndiyo maana misitu yake haikukauka hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya bara la Afrika iligeuka kuwa kavu. Kati ya mlima na mlima kuna nyika ambayo chura wa msituni, kinyonga au konokono hawezi kuivuka. Kwa mamilioni ya miaka kila mlima umelea viumbe wake peke yake, ndiyo sababu unaweza kukuta mmea au chura wa Uluguru ambaye hapatikani Usambara, wala mahali pengine popote duniani. Viumbe hawa hawakuwa adimu kwa sababu ya udhaifu. Makao yao tangu mwanzo ni madogo, na anayeyagusa makao hayo amewagusa wote kwa pamoja.

Je, wajua habari za kipunji? Watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakifanya kazi kuzunguka Mlima Rungwe, waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja kima mwenye jina hilo. Anaishi juu mitini, ana haya, na si rahisi kumwona. Haikuwa wazi kama wanasimuliwa habari za mnyama wa kweli au wa hadithi. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao. Muda si mrefu baadaye watafiti wengine, wasiohusiana na wale wa kwanza, wakamkuta msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Habari zake zilitangazwa mwaka 2005. Kisha kipunji mmoja akanaswa kwenye mtego wa mkulima aliyekuwa akilinda mahindi yake, na vipimo vya mzoga huo vikaonyesha kwamba kima huyu yuko karibu zaidi na nyani kuliko ilivyodhaniwa. Hivyo mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, ya kwanza mpya kwa jamii ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu kamili ya kwanza ilipata kipunji 1,117 tu. Jina lake la kisayansi limebeba lile lile la wazee wa Rungwe, na ni haki yao.

Je, wajua kwamba katika misitu yetu kuna mnyama mdogo, mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye watu wengi humdhani ni panya lakini kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo? Anaitwa sengi. Katika ukoo huo mkubwa wamo tembo, nguva, pimbi, mhanga na yeye. Msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi na Watamu, una sengi mwenye kiraka cha rangi ya dhahabu matakoni. Ngozi ya sehemu hiyo ni nene kuliko ya mwili mwingine, na watafiti wanaona kwamba rangi ile humvuta adui ashambulie pale pale ambapo jino halidhuru sana. Dume na jike hushika eneo moja pamoja maisha yao yote. Hutengeneza viota kadhaa vya majani makavu ardhini, na adui hawezi kujua usiku huu wamelala kipi. Huko Udzungwa nako mwaka 2008 alitangazwa sengi mwingine mpya, mwenye uso wa kijivu na uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sengi wote waliojulikana kabla yake.

Kuna na yule wa Pembe ya Afrika, sengi wa Kisomali. Kwa karibu miaka 50 hakuna mwanasayansi aliyekuwa amemwandika, na kwenye orodha za kimataifa alihesabiwa miongoni mwa spishi zilizopotea. Mwaka 2019 watafiti walikwenda Djibouti, wakawauliza wenyeji, wakaambiwa bila kusitasita kwamba yupo na anaonekana kwenye mawe. Wakatega mitego yenye chambo cha siagi ya karanga, shayiri na hamira. Mtego wa kwanza kabisa ukamnasa. Kwa watu wa Djibouti hakuwahi kupotea.

Sasa nije kwa kiumbe ambaye habari zake zinastahili kujulikana na kila mtoto wa shule Afrika Mashariki: chura wa Kihansi.

Mto Kihansi unatelemka kutoka milima ya Udzungwa kwa maporomoko marefu, na chini yake maji yakigonga miamba hurusha manyunyu yasiyokatika usiku na mchana. Katika kipande cha ardhi kilicholowa manyunyu hayo, eneo la hekta mbili hivi, ndimo alimoishi chura wa rangi ya dhahabu ambaye hajawahi kupatikana penginepo. Jike mkubwa kabisa hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea, wala hana viluwiluwi. Mimba hutungwa tumboni, na jike huzaa vyura kamili, mmoja mmoja mfupi kuliko punje ya mchele, wakiwa tayari na miguu yote minne. Ukifikiri kidogo utaona sababu: penye maji yanayoporomoka kwa nguvu namna ile, kiluwiluwi angesombwa siku ya kwanza.

Wataalamu walimkuta mwaka 1996. Wakati huo ujenzi wa bwawa la kuzalisha umeme, mradi wa megawati 180, ulikuwa umeshaanza juu ya maporomoko hayo hayo. Tanzania ilikuwa na shida kubwa ya umeme, na hilo halina ubishi. Hospitali, viwanda na nyumba ziliungojea. Lakini mitambo ilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji yalipitishwa kwenye handaki badala ya maporomoko. Manyunyu yakakoma. Mimea ya unyevunyevu ikaanza kunyauka, na vyura wakapungua mwezi kwa mwezi.

Hatua mbili zikachukuliwa. Ya kwanza, mwishoni mwa mwaka 2000, vyura wapatao 500 walikamatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wengine wakahamishiwa ile ya Toledo, jimbo la Ohio. Wengi walikufa miaka ya mwanzo, kwani hakuna aliyekuwa na uzoefu wa kuwalea. Ilibidi kujifunza kila kitu: joto, unyevu, mwanga, hata wadudu wadogo kiasi gani wa kuwalisha. Hatua ya pili ilifanyika Kihansi kwenyewe. Yalitandikwa mabomba ya kunyunyizia maji yanayotelemka kwa nguvu ya mteremko tu, ili kurudisha manyunyu kwa mkono wa binadamu. Ikafaulu! Katikati ya mwaka 2003 hesabu ilifika karibu vyura 20,000.

Miezi michache baadaye walikuwa wametoweka. Vipimo vilikuta kuvu aina ya kitridi, ugonjwa unaoshambulia ngozi ya vyura na ambao umeua vyura wengi katika mabara mengi. Wataalamu walitaja pia tope lililofunguliwa kutoka bwawani, lenye mabaki ya dawa za mashambani. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, likamtangaza chura wa Kihansi kuwa ametoweka porini. Waliobaki hai duniani walikuwa ndani ya masanduku ya vioo nchini Marekani.

Ila hawakuachwa huko. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani, wakawekwa kwenye maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 zaidi ya 2,000 walipelekwa korongoni Kihansi na kuachiwa chini ya manyunyu ya mabomba. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa spishi ya chura iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa mahali pake pa asili. Anayeingia eneo hilo hutakiwa kusafisha viatu kwa dawa kwanza, asije akapeleka kuvu kutoka vinamasi vingine.

Fundisho la Kihansi kwa wapangaji wa miradi liko wazi kabisa. Utafiti wa kina wa viumbe ungefanyika kabla ya tingatinga la kwanza kufika, sehemu ya maji ingetengewa maporomoko tangu kwenye michoro, na huenda safari zile za New York na kurudi zisingehitajika. Umeme na chura wangeweza kupangwa pamoja. Kuvipanga pamoja baada ya zege kukauka ndiko kunakogharimu.

Tushuke baharini. Je, wajua kwamba wavuvi wa Tanga hunasa samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka zama za dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita? Ni silikanti. Wa kwanza kujulikana kwa sayansi alionekana Desemba 1938 kwenye samaki walioletwa na meli ya uvuvi katika mji wa East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa mji huo, ndiye aliyemtilia maanani. Profesa J.L.B. Smith aliyemtambua alikaa miaka 14 akimtafuta wa pili, akisambaza pwani yote vipeperushi vyenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Desemba 1952 akapatikana kisiwa cha Nzwani, Komoro, na waziri mkuu wa Afrika Kusini akatoa ndege ya jeshi kwenda kumchukua. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimwita gombesa tangu zamani. Nyama yake ina mafuta mabaya, hawakuwa na shida naye.

Tanzania aliripotiwa mwaka 2003 upande wa Kilwa, na kuanzia 2004 jarife za wavuvi wa Tanga, zilizotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa, zikaanza kuwanasa mmoja baada ya mwingine. Mtazame ukipata nafasi kwenye makumbusho: magamba mazito yenye madoa meupe, na mapezi yaliyosimama juu ya vikono vyenye nyama, ambavyo akiogelea huvipishanisha kama mnyama anayetembea kwa miguu minne. Mchana hujificha kwenye mapango ya miamba kina cha mita mia na zaidi, usiku hutoka kuwinda.

Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kwa kuhesabu mistari midogo ya magamba yake ulionyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, na jike hupata uwezo wa kuzaa akiwa na miaka 50 na kitu. Mimba yenyewe hukaa takriban miaka 5. Kwa samaki wa namna hii, jike mmoja aliyekufa ndani ya jarife ni hasara ya nusu karne. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa Tanga mwaka 2009, na jarife za kina kirefu ndizo tishio kubwa linalopaswa kudhibitiwa humo. Mvuvi anayeacha kutega kina kile anaacha pia kipato cha papa. Hilo nalo lisemwe, na wanaomtaka aache wamsaidie apate njia nyingine.

Je, wajua kwamba popo wakubwa wa matunda wanaoenea Asia, Madagaska na visiwa vingi vya Bahari ya Hindi hawajawahi kuhamia bara la Afrika, ingawa Pemba iko kilomita 50 hivi tu kutoka pwani? Popo wa Pemba hupatikana kisiwa hicho peke yake, na mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita moja na nusu na zaidi. Aliliwa sana, na miti yake ya kulala ilikatwa. Mwaka 1989 uchunguzi ulionyesha kwamba wamebaki wachache mno. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, Kidike ikiwa mfano unaojulikana zaidi, na katika miaka ya 2000 hesabu zikapita 20,000. Kitu kimoja kilichosaidia ni makaburi. Watu wa Pemba hawakati ovyo miti ya makaburini na ya mizimu, na sehemu kubwa ya makundi ya popo yamejificha huko. Heshima kwa wafu imemhifadhi popo kabla ya sheria yoyote kuandikwa.

Unguja nako kuna kima punju, wa Jozani. Chakula chake ni majani, yakiwemo ya mikungu na miembe ya mashambani, ambayo yana kemikali zinazovuruga tumbo. Basi kima huyu hula mkaa! Huokota vipande kwenye tanuri za zamani na visiki vilivyoungua, na mkaa hufyonza zile kemikali. Watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Wengi walikuwa wakigongwa na magari kwenye barabara inayopita msituni, mpaka yalipowekwa matuta na vifo vikapungua. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilipata zaidi ya kima 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Chini ya kima hao, na chini ya ndege, hupita paa nunga akiokota maua na matunda wanayoyadondosha. Ni paa mdogo wa misitu ya maweni ya Unguja na ya pwani ya Kenya, na baadhi walipelekwa kisiwa cha Chumbe wakae salama. Watu walidhani Kenya amebaki Arabuko-Sokoke tu, kidogo sana. Kamera zinazopiga picha zenyewe, zilizofungwa kwenye misitu ya Boni na Dodori, karibu na mpaka wa Somalia, zikamwonyesha tena na tena.

Upande huo huo wa Kenya, kaunti ya Garissa, ndiko aliko hirola, swala mwenye tezi kubwa chini ya macho hata huonekana kama ana macho manne. Miaka ya 1970 walikuwa maelfu. Leo hawafiki 500. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwafyeka, na tembo walipopungua, vichaka vikafunika majani ya kulisha. Mwaka 2012 jamii ya Wasomali wa Ishaqbini ilisaidia kuwaingiza hirola 48 ndani ya uzio usiopitika na simba, na wakaanza kuongezeka.

Je, wajua kwamba vipepeo wameokoa msitu? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi waliopakana na Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Tembo na nyani walikula mazao yao, na msitu haukuwapa chochote. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo, Gede. Wakulima hufuga viwavi kwa majani ya msituni, na wakishakuwa pupa hununuliwa na kupelekwa kwa ndege kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Pupa lazima afike kabla hajapasuka, kwa hiyo kazi haina kulala. Aliyekuwa akiomba msitu ukatwe sasa anauhitaji usimame. Amani, Usambara Mashariki, nako walianza mradi kama huo.

Na miti, je? Kilwa kuna mti uitwao kwa jina la kisayansi Karomia gigas. Mti wa kwanza kujulikana ulipatikana Kenya mwaka 1977, baadaye ukakatwa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa umekwisha duniani, mpaka mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta Kilwa, miti michache isiyozidi vidole vya mikono miwili. Mbegu zake ni ngumu kuota. Maelfu ya matunda yalipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na mwaka 2018 yakatoa miche michache tu.

Mti huo ungeweza kukatwa nguzo na mtu ambaye hakuwa na nia mbaya. Kwa hiyo msomaji unayeishi karibu na msitu wa pwani au wa mlimani, waulize wazee majina ya miti na wanyama walio adimu eneo lako, yaandike, uyafikishe kwa kamati ya maliasili ya kijiji kabla ya kusafisha shamba jipya. Na wewe mvuvi, ukimnasa samaki usiyemjua akiwa bado hai, mrudishe majini.